Maharage ya Mbegu

Jumapili, 6 Oktoba

Uji asubuhi, bila sukari. Ugali wa muhogo saa kumi jioni. Basi. Wiki ya pili sasa tunakula hivi na hakuna aliyekufa. Tumaini, mtoto wetu mdogo, analalamika, lakini ana miaka minane, kulalamika ndiyo kazi yake.

Mafuta napima kwa kizibo cha soda. Chumvi naiyeyusha kwenye chupa ya maji, natia mbogani kidogo kidogo, haipotei hata chembe. Hili nimelibuni mwenyewe. Kiberiti kimeisha Alhamisi na sinunui. Naenda kuomba kaa la moto kwa Mama Zabroni, jirani yangu, tumepakana mashamba. Leo ameniuliza, "Mama Mwalimu, hata kiberiti?" Nikamjibu moto wa kuomba unaivisha vizuri kuliko wa kununua. Akacheka. Na mimi nikacheka. Tumbo langu likanguruma, akalisikia.

Baridi ya asubuhi imeanza. Ukungu unalala bondeni mpaka saa tatu. Mvua haiko mbali. Ikija tunapanda, tukipanda, Januari tunavuna maharage. Katikati hapo ni kubana tu.

Mbegu ipo. Visado viwili, vile vikopo vya kupimia nafaka, ndani ya mtungi, nimechanganya na majivu, mdomo nimeukandika udongo. Nilichambua mwenyewe mwezi wa sita, punje moja moja, zote nene, rangi moja, utadhani zimezaliwa siku moja. Kitahana nzima hakuna mbegu kama ile. Nisipojisifu kwa hilo nijisifu kwa lipi.

Jumanne, 8 Oktoba

Ofisi ya kijiji wamegawa mahindi leo, kwa kaya zilizoandikwa.

Mimi niliandikwa. Mwezi wa nane, kwenye mkutano, jina langu lilisomwa mbele ya watu wote, kaya isiyojiweza. Nikasimama. Nikasema futeni hilo jina, mimi ni mama wa mwalimu wa serikali, mwandikeni mwenye shida. Watu walipiga makofi. Mume wangu Yohana aliinamisha kichwa, nikadhani ni nyonga yake inamuuma.

Leo waliopewa wamepita na magunia. Nimesimama uani nikawasalimia mmoja mmoja. Kisha nikaingia ndani nikakaa. Nina hasira na sijui ni kwa nani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Editha hajatuma kitu. Huu ni mwezi wa tatu tangu aanze kazi.

Mishahara ya mwanzo huchelewa, kila mtu anajua. Mwanangu hawezi kunisahau. Tangu la kwanza mpaka la saba alikuwa wa kwanza, na huko mbele pia. Mimi niliishia la saba, wa tatu darasani, kwa hiyo hizo akili hakuziokota njiani.

Mwezi wa saba alinipigia ametoka kwenye usaili wa kazi. Akasema, "Umeenda vizuri, mama." Jumapili hiyohiyo nilimbeba jogoo kwapani mpaka kanisani, nikasimama mbele, nikashukuru kwamba mwanangu ameajiriwa. Usaili ukienda vizuri kwa mtoto kama yule, kuna nini tena cha kungoja? Walinishangilia mpaka mchungaji akaomba utulivu. Tangu siku hiyo naitwa Mama Mwalimu. Na kweli, mwezi wa nane akaenda kufundisha upande wa Kasulu, huko Kagerankanda. Yuko huko mpaka leo.

Mboga: mchicha wa porini. Hata si wa kwetu, nimechuma njiani.

Jumatano, 16 Oktoba

Imenyesha robo saa. Haikulainisha hata ardhi, imeleta baridi tu. Blanketi ni moja, Tumaini tunamweka katikati.

Mwalimu wake ameniita. Anasema mtoto anasinzia darasani tangu saa nne. Nikamwambia ana tabia ya kuchelewa kulala. Mwongo mimi. Hana nguvu, ndiyo maana anasinzia.

Nimerudi moja kwa moja mpaka kwenye mtungi. Nikabandua udongo. Nikaingiza mkono nikazishika, laini, za baridi. Yohana alikuwa mlangoni na fimbo yake. Akasema, "Hiyo ni mbegu." Nikamwambia mimi si kipofu. Nikakandika upya.

Tumekula majani ya maboga.

Ijumaa, 18 Oktoba

Editha anakuja kesho!!

Amepiga kwa simu ya mtu, hakusema mengi. Mwalimu hasemi mengi. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimewaambia watu, wachache tu. Mama Zabroni, kina mama wa kwaya, mwenye mashine ya kusaga, na wale niliokutana nao kisimani. Mtoto akirudi toka kazini watu huja kumwona, na wakija hawarudi bila kula. Ndivyo tulivyo. Sikuomba niwe mwenyeji wa namna hii, nimezaliwa hivi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wamekuja zaidi ya thelathini.

Niandike kama ilivyokuwa. Alfajiri nilisimama mbele ya mtungi. Nikajiambia Editha anakuja na mshahara, Jumatatu tunashuka Kibondo tunanunua mbegu ya dukani, ile ya pakiti. Nikachota kisado kimoja. Nikaosha majivu. Nikatia magadi ili yaive upesi, nisimalize kuni. Saa tano watu wakawa wanazidi kuja, nikachota na cha pili.

Yohana aliniona. Akageuka na fimbo yake akatoka nje.

Editha alifika saa saba, amepanda bodaboda toka barabarani. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Kabeba mfuko mmoja tu, mwepesi. Niliuona wepesi wake na sikutaka kuuona. Amekonda, mifupa ya shingo inahesabika. Nikasema kwa sauti, kazi ya chaki hiyo, inakula mwili! Watu wakacheka. Yeye akatabasamu kidogo akaangalia chini.

Walikula. Maharage yalikuwa na mchuzi mzito, halikupasuka hata moja. Mama Zabroni alimaliza sahani mbili, analamba vidole, "Mama Mwalimu, leo umetuua!" Wengine niliwafungia kwenye bakuli wapelekee watoto. Yohana alikaa na wageni, akasema tumbo linamsumbua. Hakugusa.

Tumaini alikula mpaka akalala hapohapo kwenye mkeka. Hilo silijutii.

Jumapili, 20 Oktoba

Sikwenda kanisani.

Tulikuwa tunaosha masufuria, mimi na Editha. Nikamwambia kesho tunaenda kununua mbegu. Akauliza mbegu gani. Nikamweleza. Akaacha kusugua. Akauliza, "Mama, jana ulipika mbegu?"

Kisha akasema yote. Hakuajiriwa. Usaili haukumpa nafasi. Kule anajitolea tu, halipwi, wazazi wa wanafunzi walikuwa wanamletea unga, na sasa na wao unga umewaishia. Simu aliuza mwezi wa tisa. Amekuja nyumbani kwa sababu ana njaa.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia umenifanya mwongo mbele ya Mungu. Akanijibu polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: "Mama, ulishashukuru kanisani. Ningekuambia nini?"

Nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilishatakata.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua. Mvua yenyewe sasa, tangu alfajiri mpaka saa nane, ya kuingia ardhini. Kila mwaka siku kama hii naimba.

Nimeukung'uta mtungi. Punje kumi na moja kwenye majivu. Tumaini amezipanda nyuma ya jiko, kazipanga mistari miwili, kanawa mikono.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya kijiji. Nilivaa kitenge kizuri, mjinga mimi, nani anaomba chakula na kitenge kizuri. Mtendaji ni kijana mpole, katoka mkoa mwingine, anatuamkia sote shikamoo mama. Akafungua kitabu. Akasema, "Mama, orodha imeshafungwa. Na wewe ulijitoa mwenyewe." Hakunidhihaki. Nilitamani anidhihaki, nipate wa kugombana naye.

Njiani nimekutana na kina mama wa kwaya wanaenda shamba na majembe. "Mama Mwalimu, hupandi?" Nikasema nangoja mbegu ya dukani, ya kisasa. Mdomo wangu huu. Umesema wenyewe kabla sijauzuia.

Alhamisi, 24 Oktoba

Wote wanapanda. Bonde zima limejaa migongo ya watu. Mimi na Editha tumelima shamba letu, tumetengeneza matuta, safi, yamenyooka, hakuna cha kutia.

Yohana akasema jioni, "Mama Editha, nenda kwa jirani. Kopa." Nikasema kesho.

Mikono ya Editha imetoka malengelenge. Anaificha. Naiona.

Ijumaa, 25 Oktoba

Sikwenda. Nilifika mpaka mpakani nikarudi. Mama Zabroni alikuwa anapanda, kafunga kibuyu cha mbegu kiunoni, anaimba. Kama angenyamaza kidogo ningeita.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sikwenda. Mvua.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimekwenda, baada ya ibada. Alikuwa anakausha kibuyu jikoni kwake.

Nikaanza na uongo tena. Nikasema mbegu zangu zimeliwa na wadudu.

Akaniangalia. Akasema, "Wadudu? Basi mmoja wao ni mimi. Nilikula sahani mbili na uliniona."

Akacheka, kicheko chake kile cha kutikisa mabega. Mimi sikuweza. Nilianza kulia, palepale penye kuni, mtu mzima mimi. Akaacha kucheka. Akasema alijua ni mbegu tangu tonge la kwanza, maharage ya kula hakuna anayeyachambua namna ile, lakini alidhani mwalimu kaleta pesa, akasema moyoni wacha tule, wenye watoto wasomi hao. Nikamwambia mwalimu hajaleta kitu. Nikamwambia hajaajiriwa, sikuzote hakuwa ameajiriwa, ni mimi nilimwajiri kanisani. Nilisema yote. Haikuchukua muda hata wa kuchemsha maji.

Kisha akageuza kibuyu juu chini mbele yangu. Kitupu.

"Za mwisho nimepanda jana, jirani. Nilikuwa na ziada nikazipanda kule juu kwenye mawe, zisikae bure. Ungesema juzi."

Nikasema ego, ndiyo, ningesema juzi.

Jumatano, 30 Oktoba

Marando ya viazi vitamu, yale matawi ya kupanda, hayauzwi, unaomba unakatiwa. Mama Zabroni kanikatia mafungu sita. Tumeyapanda kwenye matuta yote. Viazi havitakuwa tayari Januari. Mwezi wa nne labda, au wa tano. Maharage ya Januari hatuna, na msimu wa pili mbegu yake ilitakiwa itoke humo.

Editha alipanda nusu ya shamba peke yake. Anapanda kama mimi, hapindishi.

Jumatatu, 4 Novemba

Ameondoka. Nilimwambia akae, akasema hapa ni mdomo mmoja zaidi, na kule kuna watoto themanini darasani, mwalimu mwingine ni mmoja. Kuna mama mmoja huko atampa ugali akimfulia na kumlimia. Mwanangu, wa kwanza tangu la kwanza mpaka la saba, anaenda kulima kwa ugali.

Sikuwa na cha kumfungia njiani. Mtoto anatoka kwangu mikono mitupu! Haijawahi kutokea. Nilimpa kitenge kile kizuri. Akakataa, nikamfunga nacho mabegani mwenyewe, nikamwambia huko asubuhi kuna baridi. Nikamwambia wakikuuliza wewe ni nani sema ukweli, na mimi huku nitasema ukweli. Akasema, "Sawa, mama." Akanikumbatia muda mrefu. Mwana wanje, mwanangu.

Yohana alimsindikiza na fimbo yake mpaka barabarani. Alirudi saa sita, miguu yote tope, akalala bila kula.

Jumapili, 10 Novemba

Nimesimama kanisani wakati wa matangazo. Nimesema Editha anajitolea, halipwi, na kwamba mimi ndiye niliyesema visivyo. Nilitegemea kishindo. Mtu mmoja alikohoa. Mchungaji akasema tumwombee mwalimu wetu, wakaomba, kisha wakatangaza usafi wa kisima. Ndiyo basi. Nimebeba mzigo huu wiki tatu, na uzito wake kwa watu ulikuwa ni kukohoa kwa mtu mmoja.

Nimekula kidogo leo. Sikuwa na hamu.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua ya usiku imekatika asubuhi. Ukungu.

Mama Zabroni alituma neno kwamba maharage yake yamefikia kuchumwa majani, niende nichukue mboga. Nimekwenda na Tumaini. Maharage yamesimama mpaka magotini, yana umande, mpaka kule juu kwenye mawe yameota. Nimemfundisha Tumaini: majani ya chini tu, mawili kila shina, yale yaliyokomaa, usiguse kichwa, usivute, kata kwa ukucha. Ukichuma mengi unamwibia mwenye shamba mavuno yake bila yeye kujua.

Tumekwenda mstari kwa mstari. Kapu lilijaa nusu, nikasema imetosha.

Mama Zabroni alikuwa amesimama mpakani, mikono nyuma, anatuangalia. Nilingoja aseme neno la kunichoma, nilikuwa nimejiandaa. Aliangalia kidogo hivi. Kisha akageuka akaenda zake nyumbani, akatuacha peke yetu ndani ya shamba lake.