Picha Zako za Usiku

Katandala,
Sumbawanga.
16 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Kelvin,

Marahaba kwa shikamoo ulizonitumia kwenye simu ya mdogo wako Lydia. Kifua kimeachia, au bado unakohoa? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, ila baridi ya mwezi huu haituachi tutoke jikoni. Mahindi tumeshavuna, ulezi bado tunapura.

Picha zako za Dar es Salaam tumeziona. Unasema siku hizi ukitoka kazini unatembea kwa miguu hadi kunakucha, Magomeni hadi Kariakoo, Kariakoo hadi Posta, unapiga picha jiji likiwa limelala. Ni nzuri, sikatai. Ile ya mtaa mtupu, taa zinang'aa kwenye madimbwi, Lydia haishi kuwaonyesha watu.

Ila mwanangu, umesahau ulikozaliwa? Huku anayetembea usiku huwa amefiwa, au anamfuata mkunga, au ni yule nisiyetaka kumtaja kwenye karatasi. Baba yako mdogo Polikarp alipoona picha zote hazina mtu, aliirudisha simu kama imemuunguza. Akauliza, "Huyu mtoto saa hizo anatembea na nani?" Jumapili ameweka nia ya misa kwa jina lako, na nia yenyewe hataki kuniambia.

Jirani yetu Cornelia hana habari na uchawi. Yeye anasema makufuli ya maduka ya watu hayapigwi picha bure, na wezi nao huanza kwa kuchungulia. Nilimjibu vibaya na sijutii.

Mimi sikushuku uchawi wala wizi. Nakushuku uongo. Nilivaa miwani nikaziangalia moja moja. Katika ile ya kioo cha duka unaonekana mwenyewe, una begi kubwa mgongoni, na juu yake limefungwa blanketi la kijivu nililokununulia ulipoondoka. Mpiga picha gani huzurura na blanketi? Tena shati ni lilelile katika picha unazosema ni za wiki tofauti. Na kila nikikuuliza habari za mwenye nyumba wako, wewe unaniuliza habari za ng'ombe. Njia ya mwongo ni fupi, Kelvin.

Nadhani huna chumba. Nadhani unatembea usiku kwa sababu ukikaa chini utafukuzwa au utaibiwa. Nimelia, nakwambia kweli, halafu nikakasirika, maana marehemu baba yako alinikabidhi wewe mbele ya ukoo mzima. Mimi ndiye wa kufichwa?

Barua hii anakuletea Zenon wa Laela, anayekuja huko kununua vitenge vya duka lake. Nimemwambia akukabidhi mlangoni pa chumba unacholala, akione na kitanda. Kama mmekutana stendi kwa sababu mlango wa kumwonyesha huna, usimtungie maneno. Anageuza Alhamisi, panda naye basi.

Polikarp, Lydia na bibi yako Justina wanakusalimu sana. Hawajui nilichoandika humu. Ukifika nitawaambia nilikuita mimi kwa kuwa naumwa, na uongo huo nitaubeba mwenyewe.

Bikira Maria akufunike popote ulipo.

Akupendaye hata ukimdanganya,
Shangazi yako Josefina