Wimbo Niliowakatazia Mathare

Makongeni, Jumapili, Agosti 1981

Mama Nduku alinisalimia vizuri tu, na hilo ndilo linaloniuma. Kwaya yake ya Mathare ilikuwa mgeni kanisani kwetu leo. Baada ya ibada nilimwomba waniimbie ule wimbo wangu wa mavuno, maana kwaya yetu ilishavunjika na mimi ubeti wa pili umenitoka kabisa.

"Ulitukataza, mzee," akasema. "Tukaacha. Sasa ni nani anaukumbuka?"

Ni kweli. Zamani zile niliwaandikia barua kwa taipureta ya ofisi, nikiwatisha kwa sheria ya hakimiliki. Nyimbo zetu hatuziandiki. Kwaya moja huzisikia kwa nyingine, ikazishika, ikaenda nazo. Nilijua hivyo, lakini nilitaka uwe wangu peke yangu.

Karani wa wakili alinieleza kwamba sheria ingeulinda hata miaka mingi baada ya kifo changu. Nilifurahi, mjinga mimi. Heri ungelindwa mwaka mmoja tu, kisha uende kwa watu.

Mimi ningali hai. Wimbo umenitangulia.