Akirudi Nitamwambia

12 Mei

Kwa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima. Goti linanisumbua ninapoinuka, lakini goti halijawahi kumzuia mtu kulala. Natumaini vumbi la huko kambini limepungua na kifua kimeacha kukubana. Barua hii nimempa dereva wa gari la mahitaji, yule anayecheka kabla hajasema neno.

Nakuandikia kuhusu printa ya mdogo wako, Kasuku wetu. Tangu tulipomzika sikuigusa. Niliifunika kwa shuka lake la bluu, wateja nikawaambia chumba cha mbele kimefungwa. Niliona si adabu mashine yake ipige kelele ndani ya msiba. Wiki iliyopita jirani yetu mwalimu alibisha hodi, ana picha za wanafunzi wake za kuchapa. Nikasema basi, kazi ya mtoto isife pamoja naye. Nikaifunua.

Iliamka kama zamani: ikakoroma, ikagonga mara mbili, kisha ule mlio wake mwembamba wa mwisho. Unakumbuka Kasuku alivyokuwa akiijibu? "Abee bibie, nimekusikia, usiniamshie mtaa mzima." Nilijikuta nimesimama mlangoni nangoja aijibu. Ikabidi niijibu mimi.

Lakini picha zilitoka vibaya, mistari mitupu, na watoto wote nyuso za kijani. Mwalimu akaniuliza, "Mama, hawa ni wanafunzi au ni mboga?" Nikacheka. Halafu nikaona haya, maana sikuwa nimecheka tangu siku ile.

Wewe uliwahi kufanya kazi kwenye duka la fotokopi. Nielekeze.

Mama yako

20 Mei

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, kifua ni kile kile, kinakuja na kuondoka. Pole na goti. Usiwe unabeba ndoo zilizojaa.

Kwa ulivyoeleza, wino mwekundu haufiki kwenye karatasi. Printa za aina hii zina vitundu vidogo sana, na zikikaa bila kazi wino hukaukia humo. Ndiyo maana Kasuku kila Ijumaa alikuwa akichapa ukurasa mmoja wenye rangi zote, mteja awepo asiwepo. Hukujua, mama, wala sikulaumu.

Fanya hivi. Kwenye kioo chake kidogo tafuta palipoandikwa kusafisha kichwa, ndipo vilipo vitundu hivyo. Safisha, kisha chapa ukurasa wa majaribio uone. Ukishafanya mara tatu, iache ipumzike hadi kesho yake, maana kila usafishaji unakunywa wino. Usiifungue, wala mtu asikudanganye utie wino wa chupa. Waranti itakufa hapo hapo. Ikikataa, ipeleke kituo cha huduma pamoja na risiti. Waranti inaisha mwisho wa Juni, na bila printa chumba cha mbele hakitakulisha. Usichelewe.

Mwanao

3 Juni

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kupata barua yako, ila hilo la kifua sijalipenda. Kunywa maji ya moto.

Kumbe nilipodhani naiheshimu nilikuwa naikausha. Nimelifikiri sana hilo nikifua lile shuka.

Nilifanya kama ulivyosema. Kitufe cha kuwashia sikupata shida nacho, maana Kasuku alikitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, ili nisihangaike kutafuta miwani. Nilisafisha, nikapumzisha, nikasafisha tena. Rangi nyingine zote zinatoka. Mahali pa wekundu pameachwa peupe, kama jino lililong'oka.

Basi nikaivingirisha kwenye shuka nikaibeba hadi kituo cha huduma. Dirishani yupo kijana mpole, tai imelegea. Akatazama risiti. "Mama, jina hili si lako. Mwenyewe yuko wapi?"

Nikasema hayupo.

"Amesafiri?"

Nikalirudisha shuka juu ya printa. Mwanamume nyuma yangu akasema, "Jibu basi mama, tunaota mizizi huku."

Nikasema ndiyo.

"Basi akirudi, mwambie aje mwenyewe na kitambulisho chake."

Nikamwambia sawa, akirudi nitamwambia.

Ndivyo nilivyosema, mwanangu. Nikaibeba nikarudi nayo. Njiani mwanamke mmoja aliona nilivyoikumbatia kwenye shuka, akanipisha kwenye kivuli, akauliza kwa sauti ya chini mtoto ana umri gani. Nikamjibu bado hajatimiza mwaka.

Mama yako

11 Juni

Shikamoo mama,

Barua yako nimeisomea nyuma ya bohari, peke yangu.

Nitakuambia jambo. Hapa kuna mpishi ambaye kila Jumapili ananiuliza, "Dada yako yule msemaji hajambo?" Aliwahi kumsikia akicheka kwenye simu nilipokuwa kambi ya mjini. Namjibu hajambo. Kila Jumapili, mama, hajambo. Kwa hiyo sina mdomo wa kukuambia wewe useme.

Lakini waranti haitungoji. Cheti cha kifo kiko kwenye sanduku la bati, chini ya nguo zake za shule. Mpe yule kijana karatasi tu. Si lazima utamke neno. Nami nitajaribu kwa mpishi. Tutaambiana.

Mwanao

25 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi popote zitakapokukuta. Mimi nipo. Barua yangu ya Julai sijui kama uliipata; dereva anasema mmepelekwa kambi ya mbele, ng'ambo ya mto, na gari lake halifiki huko. Safari hii hakucheka. Anasema atampa mtu atakayempa mtu. Kwa hiyo nakueleza upya.

Nilikwenda siku ya mwisho ya Juni. Nikampa kijana cheti. Hakukisoma, akakirudisha. "Mama, nilishakuambia, aje mwenyewe."

Nikamwambia, "Mwenyewe amekufa."

Sikusema amefariki, wala ametutoka. Lilitoka hivyo hivyo, kavu. Kijana akasimama, na kazi yote iliyobaki akaifanya amesimama. Nilidhani nikilisema litapungua uzito. Halikupungua.

Akaniambia hawatengenezi, wanachukua mbovu wanatoa nyingine. Nikamwomba anibandulie kile kitufe tu. Akasema lazima irudi nzima. Nikaomba basi aiwashe mara moja.

"Ya nini, mama?"

"Niiage."

Akaichomeka. Ikakoroma, ikagonga, ikalia. Nikasema, "Abee bibie." Kijana akaangalia chini.

Nyumbani niliitoa mpya kwenye boksi. Nikabonyeza kitufe kingine, kisha kingine tena, maana haina nukta. Mwisho ikaamka. Mwanangu, ililia vile vile. Mkoromo ule ule, kugonga mara mbili, mlio ule ule mwembamba. Siku zote nilidhani ule ni mlio wa nyumba yetu. Kumbe zimejaa maghalani kwenye maboksi, zote zinalia hivyo, na hazimwiti mtu yeyote.

Sikuijibu. Tangu siku ile siijibu.

Kazi inafanya vizuri. Wanafunzi wa mwalimu sasa wana sura za watu. Nilitaka niitie nukta. Kichupa cha rangi ya kucha bado kipo dirishani, lakini nilipokifungua kilikuwa kimekauka.

Sijui kama mpishi ulimwambia. Kama hukuweza, mwache aendelee kuuliza. Si vibaya pakiwa na mahali pamoja duniani ambapo bado hajambo.

Kila Ijumaa nachapa ukurasa wenye rangi zote, ili isikauke. Wa Ijumaa hii nimekuwekea humu. Hauna maandishi, ni mistari tu. Sina mwingine wa kumpelekea.

Kifua chako kikoje? Andika hata mstari mmoja. Na kama kuandika kunakushinda, basi huko uliko, unikumbuke.

Mama yako