Kitabu Ulichonisimulia Kivingine

Dada Consolata,

Nimeketi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, hapa mtaani Iroquois, Louisville. Jua la Jumapili limelegea na simu iko mapajani. Saa hii ndiyo uliyokuwa ukipiga kutoka Buffalo. "Odette, umekaa? Inspekta ameshaamka." Kisha unaanza: mvua ya Uingereza, chai, sajenti mwenye mafua, maiti. Vitabu vyote vya yule Inspekta mpelelezi ulinisimulia hivyo, sura kwa sura, mimi nikikunja nguo. Ule mji wao wa ukungu niliufahamu kuliko Louisville ninayoishi.

Tulipokutana kwa mjomba kule Columbus kumaliza matanga yako, shemeji aliniletea vitabu vyako. Nikaanza na kile nilichokipenda kuliko vyote, cha yule mama aliyetoka nyumbani asubuhi asirudi. Uliniambia Inspekta alimtafuta majira yote ya baridi, akampata katika mji mdogo wa pwani, anauza mikate, amesahau yeye ni nani. Akamwita kwa jina. Naye akageuka.

Dada, miaka yote hii nimekuwa nikimwona mama yetu pale. Siku ile alipotoka kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania kwenda kuokota kuni, akatuacha na maharage jikoni, hakuna askari aliyeandika hata jina lake. Lakini kazini Jeffersontown, wakati wa mapumziko, nikifumba macho tu, yupo. Amevaa koti refu, unga mikononi, ukungu umemfika magotini. Anakaribia kukumbuka.

Nilisoma polepole, binti yangu akinisaidia maneno ya Kiingereza. Siku ya pili akaniangalia. "Mama, huyu mwanamke alishakufa. Wamempata mtoni, hapa hapa mwanzoni."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Kwenye matete, na kiatu kimoja. Inspekta hakuwa akimtafuta yeye. Alikuwa akimtafuta aliyemuua.

Nilikukasirikia, dada. Niliingia bafuni, nikafungulia maji, nikakuita mwongo. Halafu nikakumbuka. Mimi nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na tano. Ulikwenda porini na wanawake wa kambi kumtafuta Mama. Mliporudi, ulinawa mikono muda mrefu sana, ukaniambia, "Kula." Sikuwahi kukuuliza uliona nini. Hukuwahi kusema.

Kumbe ulijua. Ulijua, ukanipa mama wa pwani.

Jumapili iliyopita mchungaji aliomba majina ya marehemu wetu. Nikasimama, nikataja lako. Sikukaa. Nikasema, "Na mama yetu, Verediana." Sauti ilitoka ndogo. Watu wakaitika amina, wakaendelea na wimbo, na mimi nilisimama katikati ya sauti zao kama mtu aliyesimama ndani ya maji ya uvuguvugu, silii, sizami. Ni mara ya kwanza tumemwombea kama mtu aliyekufa.

Theluji ya huko ikiisha nitakuja Buffalo na binti yangu, tukae na wanao hapo mtaani kwenu Kensington wiki nzima. Wakiniuliza bibi yao alikufaje, nitawaambia ninachokijua. Nisichokijua nitasema sikijui. Sitawaficha.

Umebeba mzigo huu peke yako muda mrefu. Tua sasa, dada yangu. Nimepokea.

Mdogo wako,
Odette