Upinde wa Papa

Nzahaha, 16 Machi 1999

Yaya Béata, dada yangu mpenzi,

Maman anakukumbatia. Amenenepa kidogo, lakini usimwambie kama nimekuandikia hivyo.

Jumapili baada ya misa, sisi wapenzi wa pinde tulikutana kulenga mgomba na kubadilishana pinde. Mzee Sebahire alileta nne. Akaniambia, "Chagua moja, unipe ile yako ndefu."

Nilizivuta moja moja. Wa tatu ulikuwa na herufi mbili zilizochomwa kwa moto, B na H. Yaya, ni wewe na mimi. Papa ndiye aliyezichoma.

"Mzee, hii uliitoa wapi?"

"Niliiokota mu pori kule Congo, wakati ya makimbio." Akanitazama. "Ni ya papa yako? Beba. Sitaki kitu."

Unajua Papa alivyoupenda upinde ule: asingeuacha akiwa hai. Maman, ambaye tangu tupotezane na Papa tukikimbia vita kule Congo bado anamwekea sahani, aliupapasa. Kisha akasema, "Habineza, andikia Béata akuje. Tumuombee papa yenu misa."

Njoo, Yaya. Nitakungojea darajani.

Mdogo wako akupendaye,
Habineza