Jina Uliloondoka Nalo

Mwaka umetimia, baba yetu Angku Burhan, tangu asubuhi ile tulipokukuta umelala barazani kando ya magome yako ya mdalasini, hutikisiki. Walituambia ikifika mwaka tutakuwa tumepoa. Hatujapoa.

Mdalasini ulikuwa kazi yako, lakini majina ndiyo yaliyokuwa mapenzi yako. Hakuna mvulana aliyezaliwa bonde hili baba yake asije kukuuliza, nawe ukawa unaparua magome huku unawachambua. Mmoja alitaka Abdul, basi.

"Mja wa nani?" ukamwuliza. "Mja hawezi kuning'inia hewani. Malizia, bwana."

Akaondoka na Abdul Ghafur, mja wa Mwenye kusamehe. Mkulima wa mpunga ulimpa Harith, yaani mlimaji. Aliyeapa kwamba Rustam ni jina la Makka ulimcheka hadi ukapaliwa, kisha ukamwambia ni jina zuri, ila kwao ni Uajemi. Malipo hukuyataka. Ulitaka kahawa, tena tamu kupita kiasi, mama akinuna.

Rosmaini, kitinda mimba wako, alikaa kwenye ndoa miaka na miaka bila mtoto. Alipojifungua mvulana, ulilia mbele za watu wala hukuona haya. Ukasema jina lake unalo, umekuwa ukilitafuta tangu siku ya harusi. Lakini sharti lako lilikuwa lilelile kwa wote: jina halitamkwi kabla ya siku ya saba, mtoto akishanyolewa.

"Niambie mimi tu, Baba," Syahril, mwanao mkubwa, alikubembeleza.

"Wewe? Nikikuambia sasa, kabla ya adhuhuri muuza samaki atakuwa anamwita."

Tulicheka, na Rosmaini alicheka kuliko sote. Kesho yake tulikuosha.

Siku ya saba mbuzi alichinjwa, nywele zikanyolewa, imamu akauliza, "Anaitwa nani?" Watu wakatutazama, nusu yao wakiwa na majina uliyowapa wewe. Tukamgeukia mama. Akatikisa kichwa, maana hata yeye hukumwambia. Kwa aibu Syahril akasema, "Hamdan."

"Hilo ni lako, kaka," Rosmaini akasema taratibu. "La Baba liko wapi?"

Mpaka leo hatulijui. Tumewauliza rafiki zako wa msikitini, tumemwuliza hata mnunuzi wako wa mdalasini kule mjini. Hukumdokezea mtu. Rosmaini hajatamka Hamdan hata mara moja. Humwita Buyung, kama watu wa huku wanavyomwita mtoto wa kiume wasiyemjua njiani. Mama anaotea, leo Salim, kesho Anwar, akitumaini moja litakuwa ndilo. Mtoto ameanza kutembea, na huitika yote. Hilo ndilo linalomuumiza Rosmaini zaidi, Baba.

Hutatutoka moyoni. Tunaokulilia ni mkeo Nurcaya, wanao Syahril na Rosmaini, mkweo Taufik, na mjukuu wako. Jina lake Rosmaini ameomba tusiliandike.