Helmeti Niliyoikalia

Nebraska,
12 Novemba

Kwako kaka Leland,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Arlene. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Sisi huku tumeshavuna mahindi, na theluji ya kwanza imeanguka Jumanne.

Najua habari za mechi yetu ya futiboli ya Ijumaa zimekufikia. Ni kweli tumefungwa, tena nyumbani, na ni kweli Tyson Vavra, mrushaji mpira wetu tunayemtegemea, alikaa benchi kipindi chote cha pili. Aligongwa kichwa. Daktari wa timu akamnyang'anya helmeti, kama wanavyofanya siku hizi ili mchezaji asirudi uwanjani kwa siri, akanikabidhi mimi kocha wao. Nikaiweka chini nikaikalia. Kijana alinililia, akaapa kwamba yuko sawa. Baba yake akashuka jukwaani akifoka: "We Dwain, umehongwa? Mpe mtoto kofia yake!" Sikuinuka.

Tangu siku hiyo, wazee wa mgahawani wananiuliza vifaranga watatoka lini, kana kwamba mimi ni kuku aliyeatamia mayai. Nacheka nao, lakini inaniuma.

Wewe unajua kwa nini niliikalia. Mwaka wetu wa mwisho kucheza pamoja chuoni niligongwa hivyo hivyo, helmeti yangu ikafichwa nyuma ya mapipa ya maji, nami nikakusihi uniletee. Ukaniletea. Nikarudi uwanjani huku nikiona mipira miwili, tukashinda, na ushindi ule ndio ulionipa kazi ya ukocha. Sikulaumu hata kidogo. Najuta tu kwamba nilikuomba.

Sasa nikwambie jambo ambalo mke wangu peke yake ndiye anayelijua. Jumatatu nimeacha kazi. Watu wanadhani nimekimbia maneno yao, nami nimewaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba dakika za mwisho za mechi niligeukia benchi nikapaza sauti, "Leland, ingia wewe!" Vijana wakacheka, wakadhani kocha anatania. Sikuwa natania, kaka. Nilikuona umekaa pale, na jezi yako ina matope. Daktari wa Omaha anasema ni vile vipigo vya kichwani vya zamani, na kwamba hali itazidi.

Msikose kuja Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga tumeshaagiza. Nikikuita mezani kwa jina la mtu mwingine, usinisahihishe mbele ya wajukuu. Wewe itika tu.

Ni mimi mdogo wako,
Dwain